Mwongozo kamili wa kupiga sini ya mapenzi: shoti na engo zinazomfanya mtazamaji ahisi

Video nyingi za mapenzi zinazopigwa hapa Dar zina shida moja na wala sio waigizaji. Waigizaji wako vizuri, machozi yanatoka, maneno matamu, muziki wa huzuni umewekwa, ila mtu anaangalia anaona sawa hawa wanapendana, basi, yeye mwenyewe hahisi kitu. Ukirudia kuangalia unakuta kamera imesimama pembeni sehemu moja, wote wawili wanaonekana kwa ubavu kuanzia kiunoni, mwanzo mpaka mwisho. Au kinyume chake, kila sentensi ni kloz-apu (uso umejaza picha nzima), jasho, pua, mdomo, afu sini ikifika pale penye uzito kamera haina tena pa kusogea.

Mwongozo huu ni wa sini moja tu, dakika mbili hivi, watu wawili, sehemu moja. Ukiiweza hii zingine zitafuata. Na kitu kimoja kishike toka sasa hivi: kamera ikimsogelea mtu, lazima kuwe na jambo limetokea moyoni kwa huyo mtu. Hatua zote zinatoka hapo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Uwani kwa kina Zuhura, Magomeni, jioni. Idi kaja kuaga, kapata kazi Mwanza, anaondoka kesho alfajiri. Zuhura anammiminia chai. Hawajawahi kuambiana kama wanapendana. Idi anasema "Chai yako nitaikumbuka," Zuhura anajibu "Na Mwanza kuna chai." Ukitoa kujuliana hali, sukari na "naondoka kesho," maneno ndo hayo tu.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye kamera nzuri, au kamera ya kubadili lenzi. Kwa kamera, lenzi ya 35mm (inaona pana) na ya 50mm au 85mm (zinavuta karibu) zinatosha. Kwa simu tumia 1x na 2x, au 3x kama ipo. Ile 0.5 iache kabisa kwa kazi hii, inatanua sura za watu.
- Stendi inayoweza kushuka chini. Wengi wana ndefu tu, afu mtu akikaa kwenye kigoda wanampiga kwa juu bila kukusudia.
- Kreti mbili za soda, za kupandisha muigizaji au kamera.
- Selotepu ya karatasi ya kuweka alama sakafuni.
- Ubao mweupe wa stairofomu au shuka jeupe, na kitambaa kizito cheusi.
- Taa moja ya LED.
- Maiki ya kubana kwenye nguo.
- Skripti iliyoprintiwa na kalamu nyekundu.
- Ruhusa. Kama kazi inatoka hadharani, kibali cha Bodi ya Filamu ni lazima, na ukipiga mtaani ongea na mwenye eneo na serikali ya mtaa mapema, msije mkasimamishwa katikati ya kilio.

Kwenye kamera weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu unaenda kwa hezi 50, kwa hiyo ukiweka shata 1/60 baadhi ya taa za ndani zitaanza kupepesa kwenye video na hutaliona mpaka ufike kwenye laptopu. Kwa simu, bonyeza uso wa muigizaji ushikilie mpaka fokasi (ukali wa picha) na mwanga vifunge. Usipofunga, Idi akipita na shati jeupe uso wa Zuhura unaingia giza wenyewe katikati ya sini.

## Hatua ya 1: Amua sini ni ya nani

Usiniambie ni ya wote wawili. Wanaweza kupendana wote ila sini ni ya yule anayeficha kitu au anayepoteza kitu. Hapa ni Zuhura, yeye anajua anachokihisi na hajasema, na kesho mtu hayupo.

Sababu yake ni hii, mtazamaji kwa dakika mbili anaweza kukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja, ukimrusha huku na huku kwa usawa anabaki nje anawaangalia wote kama jirani. Kwa hiyo kamera itakuwa karibu zaidi na Zuhura, kwenye kimo cha macho ya Zuhura, na Idi tutamuona vile Zuhura anavyomuona.

Umefanikiwa kama unaweza kumwambia kameramani sentensi moja tu, "tuko na Zuhura," na yeye akajua asimame wapi.

## Hatua ya 2: Tafuta sekunde ya mgeuko

Soma skripti uweke nyota nyekundu mahali pamoja ambapo baada ya hapo mambo hayawezi kurudi yalivyokuwa. Mara nyingi watu wanaiweka kwenye neno "nakupenda," na mara nyingi sio hapo. Kwenye mfano wetu iko pale Idi anapopokea kikombe na Zuhura anachelewa kuachia kisahani. Sekunde moja, mbili. Wote wanajua.

Kabla ya nyota, kamera isimkaribie mtu kuzidi shoti ya kuanzia kifuani kwenda juu. Ukitumia kloz-apu ya uso wakati anauliza "unaweka sukari ngapi," basi kwenye kisahani huna kitu kingine cha kumpa mtazamaji.

## Hatua ya 3: Chora mstari, uweke alama chini

Waweke waigizaji kwenye nafasi zao. Fikiria mstari unatoka pua ya Zuhura unaenda pua ya Idi. Chagua upande mmoja wa huo mstari na kamera ibaki upande huo sini nzima. Ukivuka, Zuhura aliyekuwa anaangalia kulia anaonekana anaangalia kushoto, na ukiunganisha shoti wote wawili wanaonekana wanaangalia ukuta mmoja badala ya kuangaliana. Mtazamaji hatajua kosa ni nini ila atahisi hawa watu hawako pamoja.

Bandika selotepu chini: miguu ya Zuhura, miguu ya kigoda cha Idi, na mstari mrefu ambao kameramani harukii. Uwani watu wanapita, ndoo zinahamishwa, bila alama utapoteza.

Kuna siku utauvuka kwa makusudi, mfano wamegombana na kitu kimekatika kati yao. Hapo kuvuka kunaleta ule mshtuko unaoutaka. Ila ni baada ya kuweza kubaki upande mmoja.

## Hatua ya 4: Shoti pana, na nani yuko na nani kwenye fremu

Anza na shoti pana, lenzi ya 35mm au 1x, wote wawili wanaonekana miguu mpaka kichwa, na jiko la mkaa, kamba ya nguo, mlango wa nyumba. Piga sini nzima kwa shoti hii mwanzo mpaka mwisho kabla hujapiga kingine. Kwanza unapata usalama, pili waigizaji wanajua wapi wanashika kikombe wapi wanainuka, na usiku ukiwa unaediti vitu vitaungana.

Shoti pana ndo inayosema wako mbali kiasi gani, na watu wengi wanaichukulia kama ya kuonesha mahali tu. Waweke na nafasi kati yao. Nafasi hiyo ndo mtazamaji ataanza kutamani iishe, na hayo matamanio ndo hisia ya mapenzi yenyewe. Wakikaa wamegusana mabega toka sekunde ya kwanza hakuna cha kutamani.

Afu angalia nini kiko katikati yao. Nguzo, mlango, kamba ya nguo yenye kanga imening'inia. Kitu kilichosimama wima katikati ya fremu, yaani ndani ya mipaka ya picha, kinawagawa watu wawili hata kama wanacheka. Kwenye mfano wetu sogeza kamera nusu hatua mpaka nguzo ya kibaraza iwe katikati ya Zuhura na Idi wakati anafika, na baadae Zuhura anapoinuka kumpelekea chai anaivuka ile nguzo anaingia upande wake. Hujaandika neno hata moja ila mtazamaji ameona mtu kavuka kitu.

Umefanikiwa kama ukisimamisha picha hapo mtu asiyejua stori anaweza kukuambia nani kamfuata nani.

## Hatua ya 5: Ova-shoda na shoti ya peke yake

Hapa panapitwa haraka na watu na ni hatari. Ova-shoda ni pale unampiga Zuhura huku bega na sikio la Idi viko mbele, vimefifia. Shoti ya peke yake ni Zuhura tu, hakuna kiungo cha Idi ndani.

Bega likiwepo, wako pamoja hata kama wanabishana. Bega likiondoka, mtu yuko peke yake na mawazo yake. Kwa hiyo usichanganye kwa bahati mbaya. Kwenye mfano, mazungumzo ya mwanzo yote ya kujuliana hali ni ova-shoda, pande zote mbili. Idi akisema tu "naondoka kesho," shoti inayofuata ya Zuhura bega la Idi halipo. Haondoki kwenye kigoda, ila kwenye fremu ya Zuhura kashaondoka. Kwa ukubwa usiende karibu bado, baki kifuani.

Piga Zuhura zote kwanza, ova-shoda, ya peke yake, na kloz-apu, ndo ugeuze kamera kwa Idi. Sio kwa sababu ya uvivu, ni mwanga, ukigeuza kamera huku na huku jioni utakuta sentensi moja ina jua na jibu lake lina kiza.

## Hatua ya 6: Kloz-apu

Hatua hii isome taratibu, maana sini nyingi zinafia hapa.

Umbali. Kameramani anaona kloz-apu ni kumsogelea mtu mpaka simu iko sentimita 40 kutoka puani. Ukiwa karibu hivyo pua inakuwa kubwa, masikio yanarudi nyuma, uso unavimba katikati, na mtazamaji anarudisha kichwa nyuma bila kujua. Sura inaharibika kwa sababu ya umbali wako. Simama mita moja na nusu mpaka mbili, tumia 85mm au 2x/3x ya simu. Uso unatulia, vitu vya nyuma vinavutwa karibu na kufifia, na muigizaji naye anapumua maana hana chuma usoni.

Fokasi. Ukiwa na lenzi ya 85mm ukaifungua mpaka f/1.8 (namba ya tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kwa umbali wa mita moja na nusu eneo lililo kali ni kama sentimita 3 tu. Zuhura akiinama kidogo kumimina chai macho yanapotea sikio ndo linabaki kali. Weka f/2.8 au f/4 uwe na pa kupumulia. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera, siku zote. Kwa simu, ile modi ya kufifisha nyuma kwa programu sikushauri, inakula ncha za ushungi na hereni na mtu anaona kuna kitu cha bandia, mapenzi na bandia haviendi.

Macho. Hiki kitu ukikirekebisha peke yake sini inabadilika. Idi hata kama hayupo kwenye fremu asiondoke kwenda kuchati, akae pale, na shavu lake liwe karibu kabisa na lenzi, upande wake wa mstari. Zuhura akimuangalia Idi macho yake yanapita pembeni kidogo tu ya lenzi, na mtazamaji anayaona macho yote mawili, karibu anaangaliwa yeye. Kadiri Idi anavyokaa mbali na kamera ndo Zuhura anavyogeuka ubavu, na mtu wa ubavu tunamchungulia tu, hatuko naye. Ila asiangalie ndani ya lenzi yenyewe, hapo inakuwa tangazo.

Kukata fremu. Paji la uso unaweza kulikata, kidevu usikikate, hisia nyingi ziko mdomoni na kidevuni pale mtu anapojizuia. Acha nafasi mbele ya uso, upande anaoangalia. Ukitaka mtazamaji akose raha, mfano Zuhura kageuka anaficha machozi, fanya kinyume, uso uguse ukingo wa fremu anaoutazama na uwazi ubaki mgongoni kwake. Inabana kifua. Mara moja tu kwenye sini.

Muda. Baada ya neno la mwisho kamera iendelee sekunde 10 nzima. Usiseme "kata" mapema. Na usimwambie muigizaji "onesha huzuni," atakunja uso. Mpe kitu cha kufanya kichwani, mwambie "kumbuka mara zote alizowahi kukaa kwenye hicho kigoda," afu nyamaza. Uso unaofikiri kwenye kloz-apu unatosha, ukubwa wa kioo unafanya kazi iliyobaki.

Umefanikiwa kama ukiangalia shoti bila sauti unaona sekunde fulani kitu kimebadilika machoni na huwezi kueleza ni nini.

## Hatua ya 7: Kimo cha kamera

Sheria ambayo kila mtu anaijua ni kwamba kamera ikiwa chini inamtukuza mtu, ikiwa juu inamdogosha. Ni kweli ila kwa mapenzi tumia kidogo kidogo. Ukishuka mpaka gotini Idi anakuwa mgombea ubunge.

Kwa sini nyingi za mapenzi kamera iwe kwenye kimo cha macho, na swali ni macho ya nani. Idi kakaa kwenye kigoda, Zuhura kasimama anamimina. Ukiweka kamera kwenye macho ya Zuhura unamuona Idi kwa juu kidogo, anaonekana mtu anayehitaji kutunzwa, na ndivyo Zuhura anavyomuona. Baadae Zuhura anachuchumaa kumpa kikombe, kamera inashuka nae mpaka macho yao yanalingana. Hapo ndo kisahani. Usawa wa macho umekuja wakati wa mgeuko, ukiwa nao toka mwanzo usingekuwa na maana.

Kimo cha waigizaji ni tatizo la kila siku. Mwanaume mrefu sana, mwanadada mfupi, kwenye ova-shoda unapata kwapa. Hapo ndo kreti la soda linapofanya kazi, msimamishe juu yake kwenye shoti ambazo miguu haionekani. Wasilingane kabisa lakini, sentimita kumi na kitu za tofauti zinapendeza, zinamfanya mmoja ainue macho.

Engo ya kupinda, ile kamera imelala upande, isahau hapa. Inaleta wasiwasi wa filamu za kutisha.

## Hatua ya 8: Mikono

Piga shoti ndogo za vitu: chai inaingia kikombeni, kidole gumba cha Zuhura kwenye ukingo wa kisahani, vidole vya Idi vinafika upande wa pili, vinasimama. Lenzi ndefu, kamera imetulia, kimo cha kisahani chenyewe na sio kutokea juu. Ukipiga kutokea juu ni video ya mapishi.

Kwa mazingira yetu shoti hizi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Filamu zetu zinaangaliwa sebuleni, baba yupo, shangazi yupo, watoto wako kwenye mkeka. Busu likitokea mtu anatafuta rimoti, na hisia yote uliyoijenga inakatika. Ila vidole viwili vilivyokaribiana na havijagusana, sebule nzima inanyamaza. Mimi naamini kwa dhati kabisa kwamba ule umbali wa sentimita mbili kabla ya kugusana una nguvu kuliko kugusana kwenyewe, na kamera ndo pekee inayoweza kuuonesha.

Angalizo moja zito. Kila mguso ukubaliwe na waigizaji wote kabla ya kuwasha kamera: nani anamgusa nani, wapi, kwa muda gani. Warudie bila kamera. Punguza watu eneo la kupigia, wabaki wenye kazi. Usiongeze kitu katikati ya teki (kamera ikiwa inapiga) kwa kusema "mkumbatie sasa hivi," muigizaji akishtuka kamera inaona, na zaidi ya hapo sio haki.

## Hatua ya 9: Mwendo wa kamera

Ukiacha kule kushuka na Zuhura, mwendo mmoja tu, wa polepole, kuelekea kwake, unaanza kabla kidogo ya kisahani na kuisha baada. Kama sentimita 30 kwa sekunde 8. Mtazamaji asijue kamera inatembea, ajue tu anavutwa. Huna reli, weka kamera kwenye meza ndogo juu ya mkeka laini uvute mkeka, au tumia gimbo (kishikio kinachotuliza kamera) na utembee magoti yamekunjwa.

Usitumie zumu badala ya kusogea. Ukisogea, vitu vya mbele na vya nyuma vinapishana na mtu anahisi yeye ndo anakwenda, zumu inakuza picha tu.

Kamera ya mkononi inayotikisika kidogo iwekee ugomvi au furaha ya kukimbizana. Kwenye ukimya inasumbua.

## Hatua ya 10: Mwanga na saa

Ngozi zetu zinaonesha umbo kwa mng'ao, ule mwanga unaorudi kutoka shavuni na kwenye paji. Ukimpiga Zuhura taa kali usoni moja kwa moja unapata doa jeupe kwenye pua na sehemu nyingine bapa. Geuza taa ipige kwanza shuka jeupe au ukuta mweupe pembeni yake, mwanga urudi laini kutoka upande mmoja, afu upande wa pili wa uso ning'iniza kitambaa cheusi ili kivuli kibaki. Mwanga upime kwenye ngozi yake, ukuta wa nyuma ukipotea au ukiungua kidogo hakuna shida.

Sasa la ufukweni, maana kila mtu anataka jua linazama nyuma ya wapenzi na anawapeleka Coco Beach. Coco inaangalia mashariki. Jua pale linachomoza baharini na jioni linazama nyuma yako, upande wa nyumba za Oysterbay. Kama unataka jua na maji kwa pamoja Coco, amka, liko pale kuanzia kama saa 12 asubuhi au saa 12 na nusu kutegemea mwezi, na watu hawajajaa. Ukitaka jioni nenda upande wa Msasani unaotazama ghuba, kule Slipway jua linashuka juu ya maji, au vuka na pantoni upande wa Kigamboni uangalie mjini. Jioni ya Coco bado inafaa lakini, kamera iwe na bahari mgongoni ikitazama nchi kavu, jua linawapiga kwa nyuma na kuchora mstari wa dhahabu kwenye nywele na mabega, uso unauinua kwa stairofomu.

Na uwahi. Mwezi wa 6 jua linazama kama saa 12 na robo, mwezi wa 1 na wa 2 karibu saa 1 kasoro robo, na huku kwetu giza halichelewi, likishazama una dakika kama 20 tu. Shoti pana na kloz-apu ya mgeuko ndo zipewe huo mwanga, mazungumzo mengine pigeni kwenye kivuli mapema. Upepo wa bahari utapiga maiki, ifunike na sponji na uifiche ndani ya nguo.

## Hatua ya 11: Kuunganisha

Mpangilio wa mfano wetu unakuwa hivi: shoti pana na nguzo katikati, ova-shoda za kujuliana hali, Zuhura peke yake baada ya "naondoka kesho," shoti pana tena anavuka nguzo, mikono, kloz-apu ya Zuhura kamera ikisogea, kloz-apu ya Idi moja tu, fupi, kisha kubaki na Zuhura.

Makosa ya kuediti yako mawili makubwa. La kwanza ni kumuonesha anayeongea kila anapoongea. Idi akisema "chai yako nitaikumbuka," tunataka uso wa Zuhura anayesikia. Maneno tunayasikia tayari, tunachokosa ni yanaangukia wapi. La pili ni kukata mapema, jibu likiisha tu unaruka. Zile sekunde 10 ulizopiga, acha angalau 3.

Na usijaze muziki kwenye kisahani. Acha mkaa usikike, acha redio ya jirani. Muziki uingie baada.

Kuna Mrusi mtengeneza filamu anaitwa Lev Kuleshov alionesha zamani kwamba uso uleule usiobadilika, ukiuunganisha na sahani ya supu watu wanaona njaa, ukiuunganisha na jeneza wanaona majonzi. Ndo maana shoti ya vidole ikitangulia kloz-apu ya Zuhura aliyetulia tu, watu watakuambia wameona analia ndani kwa ndani. Badilisha mpangilio, weka vidole baada ya uso, uone inavyobadilika. Jaribu zote mbili kabla ya kuamua.

## Kupima na kurekebisha

Zima sauti, muoneshe mtu ambaye hakuwepo kwenye kazi. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri. Muulize vitu vitatu: nani anampenda mwenzake zaidi, ni wapi kitu kimebadilika, na kuna sehemu alitaka kamera isogee au irudi nyuma?

Akijibu Idi badala ya Zuhura, shoti zako za Idi ni za karibu sana, zibadilishe na ova-shoda. Akishindwa kutaja pa kubadilika, ulitumia kloz-apu mapema, toa zote zilizo kabla ya nyota weka za kifuani. Akisema aliona wanaongea tu, angalia macho kwenye kloz-apu, kama unaona jicho moja na sikio basi Idi alikaa mbali na lenzi.

Hilo la mwisho haliponi kwenye laptopu. Usirudie sini nzima lakini, waite waigizaji wote wawili, nguo zilezile, selotepu palepale, saa ileile ya jioni, piga kloz-apu ya Zuhura peke yake na Idi akiwa shavu kwenye lenzi, afu iingize pale ilipokuwa ya zamani.